Toba ya Usiku na Toba ya Mchana

Kwetu Bariadi mtu hafungui neno lake kabla ya kuamkia, nasi hatupendi kuivunja desturi hiyo kwa sababu tu hatuzioni nyuso zenu. Mwadila, wazee mlioketi mbele ya nyumba. Mwadila, akina mama mnaopepeta. Nanyi watoto wa shule mnaosomewa maneno haya, au mnaowasomea wazee wenu, tunawaamkia pia.

Tumeombwa tuseme juu ya kiburi, unyenyekevu na toba katika maisha ya Mkristo. Hayo ni maneno matatu yaliyochoka kwa kusemwa. Twayasikia kila Jumapili, na kwa kuyasikia mno pengine hatuyasikii tena. Basi tumeona heri tuyatafute kwanza nje ya kanisa: katika uwanja wa ngoma na penye mizani ya pamba. Baadaye tutawachukua hadi Rwanda, na mwisho tutarudi kwetu, kwenye mji wa mfugaji mmoja tulikokwenda kwa shida yetu wenyewe.

Mnajua jinsi ilivyo Usukumani mavuno yakiisha kuingia ghalani. Mwezi wa Juni na wa Julai vumbi la viwanja vya ngoma huonekana toka mbali. Vyama vikuu vya wachezaji ni viwili, Bagika na Bagalu, na wazee husimulia kwamba vyatokana na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa zao. Manju wa upande huu husimama na watu wake, na manju wa upande ule na watu wake, wakacheza kwa wakati mmoja. Mshindi hatangazwi na mwamuzi yeyote. Mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Aliyeshindwa huona migongo tu.

Manju hujisifu sana. Hujiita simba, hujiita mvua, humpiga mwenziwe mafumbo mpaka watu wakaanguka kwa kucheka. Hatukuja hapa kuilaani ngoma. Tuliikimbilia tulipokuwa watoto, na miguu yetu yaikumbuka hata leo. Tena twaona kwamba kiburi cha manju si kibaya kupita vyote, kwa maana kiko wazi, kila mtu hukiona, na jua likitua manju huenda nyumbani akala ugali wake pamoja na yule aliyemtukana. Kiburi cha kuogopwa ni kile kisichopiga ngoma. Mzee wa kanisa huimba kwa sauti ya chini, lakini jicho lake lahesabu ni wangapi waliomwamkia mlangoni. Mwalimu husema, “Mimi si kitu,” kisha hukasirika siku nzima kwa kuwa kuna mtu aliyemsadiki. Kwaya mbili za kanisa moja hugombania nani aimbe mwisho. Hao nao wanahesabu migongo na nyuso, ingawa hawana manyanga mikononi.

Sasa juu ya toba. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Mchungaji wa ng'ombe hana haja ya kufundishwa maana yake. Ndama akipotea jioni, mchungaji mwenye akili hakimbii ovyo porini huku akiita. Hurudi mpaka pale alipoziona nyayo mara ya mwisho, akainama, akaanza hapo. Ndiyo toba. Kuona huzuni moyoni ni jambo jema, lakini huzuni hukaa mahali pamoja, na toba ina miguu. Tena haina ruhusa ya kuchagua njia, kwa kuwa njia yake ni ile ile uliyoipita ulipopotea.

Zakayo, mtoza ushuru, alilifahamu jambo hili. Alipomkaribisha Bwana Yesu nyumbani mwake hakusimama akasema kwamba wanadamu wote ni wenye dhambi. Alitaja mali, akataja na hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Habari hii yapaswa kusomwa katika nchi yetu kila msimu wa pamba unapofunguliwa. Wazee wetu walidhulumiwa sana penye mizani na wanunuzi wa siku zile, hata ilipofika mwaka 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa wakaanza kuwaweka wapimaji wao wenyewe wayaangalie mawe ya mizani. Na katika hayo vikatokea vyama vya ushirika, vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria, Bwana Paul Bomani akiwa kiongozi wao. Twaisimulia historia hiyo kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini twaisimulia nusu. Ni nani kati yetu asiyemjua mtu aliyenyunyiza maji katika pamba yake usiku, au aliyetia mchanga, ili robota lizidi uzito? Dhambi ya mwenye mizani twaiita wizi, na dhambi ya mwenye robota twaiita ujanja.

Natuondoke kwetu kidogo, twende Rwanda, kwa kuwa huko lilitokea jambo lililowapata Wakristo wengi wa Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Septemba mwaka 1929 watu wawili walikutana Kampala, katika kilima cha Namirembe: Simeoni Nsibambi, Mganda, na Daktari Joe Church, Mwingereza, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini. Waliketi pamoja siku mbili wakiisoma Biblia na kuomba. Nduguye Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kuwa mwalimu. Kutokana na hao na wenzao ukatokea ule uitwao Uamsho, ambao watu wake waliitwa kwa Kiganda Balokole, maana yake waliookoka.

Katika habari zote za Uamsho sisi twaipenda zaidi habari ya Yosiya Kinuka. Huyu alikuwa msaidizi katika hospitali ya Gahini, na mambo ya hospitali yalikuwa hayaendi vema. Inasimuliwa kwamba alikwenda Kampala kwa Nsibambi, naye alikuwa tayari kueleza makosa ya hospitali na ya watu wake. Nsibambi akamgeuzia neno: kosa la hospitali ile, alimwambia, lianze kutafutwa katika moyo wa Yosiya. Hebu mfikirini mtu huyu. Amesafiri mwendo mrefu akiwa na mzigo wa makosa ya wengine, anatumaini kuutua na kupewa pole, naye anarudishiwa mzigo wote na kuambiwa ni wake. Hakukasirika, au kama alikasirika, hasira haikudumu. Akiwa njiani kurudi alijitoa kwa Mungu, na alipofika Gahini alianza kuungama mbele ya watu wale wale aliofanya nao kazi kila siku.

Mwishoni mwa mwaka 1933 palikuwa na mkutano Gahini, na mtu mmoja akasimama akaungama dhambi zake waziwazi. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mmoja, kwa muda mrefu. Kigozi hakuishi kuyaona mengi yaliyofuata. Alifariki mwezi wa Januari mwaka 1936, alipokuwa amekwenda Uganda kuliambia baraza la Kanisa kwamba Kanisa limelala. Lakini moto ulikwisha kuwaka. Mwaka 1937 ulifika Kenya, na mwaka 1939 uliingia Tanganyika katika chuo cha walimu cha Katoke, ng'ambo ya magharibi ya ziwa letu. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Walilipa madeni ambayo mdai mwenyewe alikwisha kuyasahau. Waume waliwaomba radhi wake zao. Nasi tulio walimu wa walimu twalitia moyoni hilo la Katoke, kwamba nchini mwetu jambo hili lilianza kwa watu wa kazi yetu. Hatujui kama hiyo ni sifa yetu, au ni kwa kuwa tulihitaji kuliko wengine.

Yatupasa kusema na upande wa pili, tusije tukawadanganya vijana. Toba nayo yaweza kuvikwa manyanga. Mwezi wa Oktoba mwaka 1941, katika chuo cha wachungaji cha Mukono huko Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri, wakiwaita wenzao watubu, wasikubali kunyamazishwa. Watu wa Uamsho huwaona kuwa mashujaa. Wakuu wa chuo waliwaona kuwa watu wa kiburi. Huenda kila upande uliona kweli kidogo, maana moyo ule ule waweza kuwa na bidii kwa Mungu na kupenda kutazamwa. Tumewahi kumsikia mtu akiungama dhambi zake za zamani kwa maneno matamu mno, kwa mara ya kumi, mpaka tukamwona kama mzee wa vita anayeonyesha makovu. Mtu wa namna hiyo hajarudi zilipopotea nyayo. Amejenga nyumba hapo.

Haya, sasa tuje kwetu. Tusingelisema jambo hili, lakini baada ya kuyataja makosa ya wanunuzi wa pamba, ya wakulima na ya wanafunzi wa Mukono, tukinyamaza juu yetu mtatucheka kwa haki.

Zamani kidogo tulikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijiji katika nchi hii, ambayo tangu mwaka 2012 yaitwa Mkoa wa Simiyu. Shule ilikuwa na shamba la pamba. Mwaka mmoja pamba ikauzwa, na fedha zake tukaziweka ofisini zinunue madawati. Ufunguo wa ofisi ulishikwa na kijana mmoja wa darasa la nne. Alikuwa mkubwa kwa darasa lile, kwa kuwa alichunga ng'ombe miaka mingi kabla ya kupelekwa shule. Mpole, msafi, mwandiko wake mzito kama wa mtu achimbaye. Baada ya siku chache fedha hazikuonekana. Tulitafuta kwa muda usiotosha hata kuchemsha maji, kisha tukamwita kijana. Alisema hajui. Tuliona kwamba kusema kwake hajui ni ukaidi. Siku ya pili, shule nzima ikiwa mstarini, tulimwita mwizi, tukampiga fimbo mbele ya wadogo zake, tukamtuma nyumbani amlete babaye. Hakumleta, na yeye mwenyewe hakurudi tena.

Miezi mitano baadaye tulikuwa tukitafuta hesabu za mwaka uliopita, na katikati ya daftari la zamani la mahudhurio tukaikuta bahasha. Mwandiko wa juu ulikuwa wetu. Tuliiweka humo sisi wenyewe, kwa mikono yetu, ili isionekane na wezi.

Wasikilizaji, mngetazamia tuwaambie kwamba tulitoka mbio. Tulikaa na bahasha ile juma zima, kisha la pili, kisha mwezi. Fedha tuliziandika vitabuni, madawati yakanunuliwa, tukawaambia walimu kwamba zimepatikana, wala hawakuuliza zilipatikana wapi. Tulijiambia mengi: kwamba heshima ya mwalimu ikianguka shule yote huanguka, kwamba kijana amekwisha kusahau, kwamba tumekwisha kutubu kwa Mungu, naye ndiye mkuu. Hili la mwisho lilikuwa na sura nzuri kuliko yote. Na katika siku zile zile, kwenye somo la dini, tuliwasimulia watoto habari za Festo Kivengere, Mganda aliyekuja kufundisha Dodoma katika miaka ya 1940, akawa baadaye Askofu wa Kigezi. Jinsi alivyopanda baiskeli siku moja akaenda maili hamsini kumwomba radhi Mzungu aliyekuwa amemchukia. Tuliisimulia vizuri sana. Kutoka shuleni hadi kwao kijana ni maili nne.

Kilichotuondoa hatimaye hakikuwa wema wetu. Tulipita njiani, tukamkuta dada yake mdogo akitoka kisimani. Watoto wa kike wa kwetu hupiga magoti kumwamkia mkubwa, naye akapiga magoti vumbini, ndoo kichwani, akatuamkia kwa adabu zote. Hatukuweza kumjibu.

Usiku ule tulikwenda. Twasema usiku, na mtaona sababu. Babaye alitukaribisha kwa kigoda, akaagiza maziwa, akangoja. Tulimweleza yote, hatukuficha bahasha, wala mwandiko, wala ile miezi. Tukasema, “Baba, tumemkosea mtoto wako, tumekukosea na wewe. Tunaomba mtusamehe.” Kijana alikuwa amesimama karibu na zizi, twamwona nusu tu kwa mwanga wa moto.

Mzee hakutukaripia. Alikaa kimya mpaka tukadhani amekataa. Kisha akasema, “Mwalimu, nimesikia, na asante kwa kuja. Lakini nina swali. Ulipomwita mtoto wangu mwizi, ilikuwa saa ngapi?”

Tukajibu, “Saa mbili asubuhi.”

“Na walikuwapo watu wangapi?”

“Shule nzima, baba.”

“Basi mbona hilo lingine umelileta usiku, kwa mtu mmoja?”

Hatukuwa na neno. Tulikwenda pale tukijiona kuwa watu wanyenyekevu. Tulikuwa tumepanga hata namna ya kuketi. Na mzee yule, ambaye hakubatizwa wala hajui kusoma, akatuonyesha kwamba kiburi chetu kilikuja pamoja nasi njia nzima. Hakikutuzuia kutubu. Kilifanya kazi ya ufundi zaidi: kilituchagulia saa, kikatuchagulia mahali, kikakata toba yetu kwa kipimo tusichoona aibu nacho. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini watu wa Gahini walisimama mbele ya wenzao, na kwa nini Zakayo alitaja hesabu. Aliyekosa hana haki ya kuamua ukubwa wa toba yake. Tumewahi kusikia watu wakisimama kanisani na kusema, “Kama kuna yeyote niliyemkosea, anisamehe.” Ni maneno ya adabu, nasi tuliyatumia miaka mingi, lakini tangu usiku ule hayapiti tena kooni. Lile “kama” ni giza tunalojificha ndani yake.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, shule ikiwa mstarini, mzee alikuja na mwanawe. Kijana alikuwa na fimbo yake ya kuchungia, kwa kuwa alitoka moja kwa moja machungani. Tulisema mbele ya wote kwamba hakuiba, kwamba fedha ziliwekwa na sisi, kwamba tulimpiga bila haki, kisha tukajua na tukanyamaza. Hili la kunyamaza lilikuwa gumu kulitamka kuliko yote. Hakuna aliyelia, wala wimbo haukuimbwa. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alicheka, akanyamazishwa. Mzee akasema, “Tumesikia,” wakaondoka.

Mwenzetu mmoja mwalimu alituambia siku ile ile kwamba tumeivua nguo kazi ya ualimu, na kwamba watoto hawatatuogopa tena. Katika hilo la pili alisema kweli. Kwa muda darasa letu lilikuwa na kelele kuliko ya wengine. Hatukupata jibu la kumpa, na mpaka tulipohamishwa yeye nasi hatukuwa kama zamani.

Kijana hakurudi shule. Tulimwomba, babaye alimwomba, naye alisema kwa upole kwamba ameisha kuwa mkubwa. Leo ni mkulima, ana mke na mashamba. Msimu mmoja wa karibuni tulikutana naye penye mizani ya pamba. Marobota yake yalikwisha kupimwa, na karani akampa stakabadhi. Alisimama kando akaisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikitamka kila tarakimu, kwa darasa lile la nne tulilomwachia. Tulikuwa tumesimama karibu, hatukuthubutu kumsaidia. Alipomaliza alitunyoshea karatasi, akasema, “Mwalimu, nawe isome.” Tukaisoma. Ilikuwa sawasawa.